Vumbi Jekundu na Chai Iliyomwagika: Jinsi ya Kuyatunza Makochi Yetu

Askari anapohamishwa kutoka Arua kwenda Koboko, mwendo wa kilomita zipatazo 55, vyombo vyake hupakiwa katika lori, na aghalabu makochi ndiyo hufungwa juu kabisa. Barabara kuu siku hizi ina lami, lakini njia nyingi za kando ni za udongo mwekundu. Kochi lililoondoka likiwa la kijani hufika rangi ya tofali.

Mama wa nyumba aonapo hivyo hukimbilia ndoo ya maji. Asifanye haraka. Wekundu wa udongo wetu watokana na chuma, yaani ni namna ya kutu. Ukilitia vumbi hilo maji, wapata tope lizamalo katika nyuzi. Yafaa kochi litolewe nje, likauke, lipigwe kwa ufito, kisha lipitishwe brashi kavu. Rangi ikibaki, tumia kitambaa kilicholowa povu la sabuni, halafu maji kidogo ya limau, na ufute kwa maji safi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Jiki haiondoi kutu, tena hula rangi ya kitambaa. Wala usithubutu kuichanganya na limau au siki, kwani hapo hutoka hewa ya klorini, sumu ile ile iliyotumiwa kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1915.

Chai ya maziwa ndiyo adui mkubwa zaidi, maana mgeni haingii nyumbani pasipo kikombe. Ikimwagika, usisugue. Gandamiza kitambaa kikavu, ukianzia ukingoni kuelekea katikati, kisha tumia maji baridi na sabuni kidogo. Maji ya moto huyapika maziwa ndani ya nyuzi. Hali kadhalika damu na yai. Mimi mwenyewe niliwahi kumimina maji ya moto juu ya doa la maziwa, nikidhani moto ndio usafi, na doa lile halikutoka mpaka tulipobadilisha kitambaa.

Hapa nina neno kwa akina baba. Mtoto achapwaye kwa kumwaga chai hujifunza kuficha. Atalifunika doa kwa kile kitambaa cheupe cha kufuma, nawe utaligundua baada ya juma zima, limekwisha kukauka na kuanza kunuka. Doa la dakika tano lataka kitambaa na maji tu.

Mafuta ya karanga zilizosagwa, au yale ya kusafishia bunduki, hayataki maji mwanzoni. Kwangua, nyunyiza unga wa muhogo, uache saa nzima uyanyonye, ndipo upige brashi na kutia povu la sabuni. Wako wanaotumia petroli. Wasifanye hivyo, kwa kuwa mvuke wake huweza kushika moto wa sigiri iliyo mbali, na sponji ikiwaka hutoa moshi wa sumu.

Sponji, aidha, haipendi kulowa. Wakati wa mvua hukawia kukauka na kuota ukungu, basi tumia maji machache, vua foronya ya mto ikiwa ina zipu, na uusimamishe mto kivulini penye upepo. Jua kali la adhuhuri hupausha rangi.