Mizani ya Duka na Mizani ya Ajira

Tuchukue mfano wa bibi mwenye cherehani nne, ashonaye mabuibui na madera, ambaye ameajiri mafundi watatu. Asubuhi moja fundi wake wa miaka miwili anamjia na kumwambia kwa haya: "Bi mkubwa, mimi ni mja mzito, mwezi wa tano huu." Ramadhani imekaribia na daftari limejaa kazi za Idi. Bibi anamtazama kwa huruma, kisha anamjibu: "Mwanangu, kapumzike nyumbani ujifungue salama. Mambo yakituwia mema, tutaitana." Anamtilia mkononi shilingi 5,000 za nauli na nguo za mtoto.

Kwa macho ya mtaa, bibi huyu ametenda hisani. Kwa macho ya sheria, amemfukuza mtu kazi kwa sababu ya mimba.

Hapa ndipo wengi wetu wenye biashara ndogo tunapojikwaa. Hatubagui kwa chuki, bali kwa mazoea. Tunaliendesha duka kama tunavyoendesha nyumba, tukidhani kwamba sheria za kazi ni za viwanda na mabenki. Sivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haiwagusi wategemezi wa mwenye mali iwapo wao peke yao ndio wafanyakazi katika shughuli ya familia. Ukishamwajiri mtu wa nje, hata mmoja, umeingia ndani ya sheria hiyo.

Kifungu cha 5 kinamkataza mwajiri kumbagua mtu, waziwazi au kwa njia ya kuzunguka, kwa ajili ya rangi, jinsia, lugha, dini, maoni, uraia, kabila au asili yake katika jamii, ulemavu, mimba, hali ya akili au hali ya virusi vya ukimwi. Katazo hilo linamlinda aliyekwisha kuajiriwa na anayekuja kuomba kazi pia. Linaanzia kwenye tangazo la nafasi na kumalizikia siku ya kuachana.

Turudi kwa fundi wetu. Kifungu cha 29 kinampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na haki ya kurudia kazi yake, au kazi nyingine imfaayo, kwa masharti yasiyopungua ya awali. Likizo yake ya mwaka haikatwi kwa sababu hiyo. Mwanamume naye ana wiki mbili za likizo ya kupata mtoto, kwa malipo kamili.

Mwenye duka atauliza: "Fedha hizo nitazitoa wapi?" Swali ni la haki, kwani mzigo huo ni mzito kwa mtaji mdogo. Basi tupige hesabu. Fundi alipwaye shilingi 25,000 kwa mwezi atahitaji 75,000 kwa likizo yake. Mwajiri akitenga 2,500 kila mwezi, katika miezi 30 fedha hizo zitakuwa tayari. Lakini akimwondoa, naye fundi akashinda kesi, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kumwamuru alipe fidia ifikayo mishahara ya miezi 12, yaani shilingi 300,000. Anayekimbia mzigo wa 75,000 huenda akaangukiwa na mzigo mara nne yake.

Katika kuajiri, chunga ulimi wako. "Umeolewa?" "Una mtoto anyonyaye?" "Kwenu ni wapi hasa?" Maswali haya barazani ni ya kujuliana hali. Katika usaili yanaweza kuwa ushahidi dhidi yako. Uliza yanayohusu kazi: anajua kushona nini, anaweza kufika saa ngapi, amefanya wapi. Katika tangazo pia, usiandike "wa mtaa huu tu" au "asiye na mtoto" ikiwa kazi yenyewe haihitaji hivyo.

Je, Mwislamu hawezi kutaka Mwislamu mwenziwe? Sheria imeacha mlango: kutofautisha watu kwa sharti lililomo ndani ya kazi yenyewe si ubaguzi. Mwalimu wa Kurani madrasani, au mchinjaji wa nyama ya halali, dini yake ni sehemu ya kazi. Wa kuwasinga mabibi harusi, ni wazi kwa nini atakiwe mwanamke. Lakini mwosha vyombo hotelini, mpakia mizigo au mshika hesabu, dini yake haibadilishi kazi. Kabla ya kuweka sharti, jiulize: sharti hili likiondolewa, kazi itaharibika? Jibu likiwa hapana, liondoe.

Liko jingine ambalo wengi hulitetea kwa hoja ya dini. Mwanamume na mwanamke wanafanya kazi yenye thamani moja, lakini mwanamume analipwa zaidi, "kwa kuwa ana familia ya kulisha." Nafaka ni deni la mume nyumbani kwake, wala haikuwekwa iwe kipimo cha ujira dukani kwa mtu. Sheria inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na mwanamke aliyeshona nguo kumi ameshona kumi, awe na mume au asiwe naye.

Na uyaandike mambo yako, kwa kuwa mtu akidai umembagua, sheria inakutaka wewe mwajiri uthibitishe kwamba hukubagua. Kauli ya "mimi namjua, ni kama mwanangu" haitakufaa mbele ya hakimu. Kazi ya miezi mitatu au zaidi, iwe na mkataba wa maandishi. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoifahamu, kisha atie sahihi au dole gumba. Weka daftari: nani aliomba kazi, alipimwa kwa lipi, kwa nini alichukuliwa huyu akaachwa yule. Ukitaka kumwachisha mtu kwa kosa au kwa kushindwa kazi, mweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake atakayemchagua, umsikilize kabla ya kuamua. Palipo na shaka, ofisi ya leba iko kwa ajili ya kuulizwa, na kuuliza mapema ni nafuu kuliko kuitwa.

Sote twaijua Surat al-Mutaffifin, inavyowaonya wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wengine. Twaihofu tunapopima mchele na sukari. Nasi tuna mabinti waliosoma, wanaobisha milango ya maofisi wakiwa na hijabu zao, na tunaumia pale mmoja anaporudi akisema aliulizwa kuhusu kitambaa chake badala ya cheti chake. Tunapodai haki hiyo kwao, tunaidai kwa sheria ileile impayo haki fundi mja mzito aliyeketi kwenye cherehani yetu. Kipimo ni kimoja. Bibi wetu bado ana nafasi: amwite fundi wake arudi kazini, amwandikie tarehe za likizo yake, na aanze leo kutenga zile 2,500.