Shamba la Viazi Mudende na Hesabu za Gauss

Kwenye mchoro wa shamba moja la viazi huko Mudende, wilaya ya Rubavu, kila kona imeandikiwa namba mbili. Ya kwanza inakaribia 430,000. Ya pili inazidi 4,820,000. Zote ni mita. Shamba lenyewe halifiki nusu hekta, na ukishuka kwa pikipiki hadi ufukweni Gisenyi hutumii hata saa nzima. Sasa hizo mita laki nne na ushei zimeanza kuhesabiwa wapi? Na hizo milioni nne?

Niliwauliza watu wenye hati za ardhi. Namba ya kiwanja, ile UPI inayoanza na 3 kwa kuwa tuko Mkoa wa Magharibi, wanaikariri kichwani. Hizo nyingine hawazitazami. Mama mmoja aliniambia kuwa hizo ni za serikali, yeye mpaka wake anaujua kwa ukuta wa mawe ya volkano ambao baba mkwe wake aliupanga. Jibu lake ni la haki kabisa, lakini swali lilikataa kunitoka.

Aliyenijibu ni mpima ardhi wa Gisenyi, mzee aliyeianza kazi enzi za teodolaiti, darubini ya kupimia pembe, na daftari la karatasi, ambaye hakutaka jina lake liandikwe gazetini.

"Mwandishi, hizo namba zinaanzia baharini," alisema.

Alichukua karatasi akachora. Ramani za Rwanda zimejengwa juu ya mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki, unaopita magharibi kidogo ya katikati ya Kigali. Mudende iko kama kilomita 70 upande wa magharibi wa mstari huo. Ukihesabu kuanzia sifuri hapo mstarini, zaidi ya nusu ya nchi itakuwa na namba za kutoa, na mkulima au karani akisahau alama ya kutoa, shamba la Rubavu linajikuta mashariki, kuelekea Kibungo. Kwa hiyo mstari wenyewe ulipewa thamani ya mita 500,000. Toa 70,000, unafika Mudende. Kwa kaskazini na kusini ni vivyo hivyo: ikweta ilipewa mita 5,000,000, na Mudende iko chini yake kwa kilomita 180 hivi.

Ina maana ukifuata namba ya kwanza hadi sifuri yake, unavuka Ziwa Kivu, unavuka milima yote ya mashariki ya Congo, unatokea msituni kusini mwa Kisangani. Ukifuata ya pili, unashuka bara zima hadi maji baridi ya kusini mwa Afrika Kusini, mahali pasipo na kisiwa wala mwamba. Huko, pasipo na mtu, ndiko kona ya shamba la viazi inakohesabiwa. Nimeitazama hati ile mara nyingi tangu siku hiyo na bado naistaajabia.

Nilipomuuliza nani aliyebuni mpango huu, alijibu "Gauss" kama mtu anayemtaja jirani yake wa zamani.

Carl Friedrich Gauss alizaliwa Brunswick, Ujerumani, tarehe 30 Aprili 1777, katika nyumba ya watu wa kazi za mikono. Mtawala wa Brunswick ndiye aliyemlipia masomo. Akiwa na miaka 24 alichapisha kitabu chake kikubwa cha hesabu za namba nzima, na mwaka huohuo wa 1801 akapiga hesabu iliyowaonyesha wanaanga wapi pa kuitafuta Ceres, sayari ndogo iliyoonekana Januari kisha ikapotea nyuma ya mwanga wa jua. Desemba waliikuta pale alipowaelekeza. Kuanzia 1807 hadi kifo chake mwaka 1855 aliongoza kituo cha kutazama nyota cha Göttingen. Hayo yako katika kila kitabu. Mzee wangu wa Gisenyi hayajali sana. Yeye anamjua Gauss mwingine, mwenye matope kwenye viatu.

Mwaka 1820 mfalme George wa Nne, aliyetawala Uingereza na Hannover pamoja, aliagiza ufalme wa Hannover upimwe. Gauss aliipokea kazi hiyo. Kuanzia 1821 hadi 1825 alikwenda porini mwenyewe kila majira ya joto, mtu wa miaka zaidi ya 40 aliyekwisha kuwa maarufu Ulaya nzima, akilala kwenye nyumba duni za wageni, akipanda minara ya makanisa, akikatisha miti ya nyika ya Lüneburg ili apate njia ya kuona kutoka kilima hadi kilima. Kazi ilikuwa kupima pembetatu. Unachagua vilele vitatu vinavyoonana, unapima pembe kwenye kila kimoja, na ukiujua urefu wa upande mmoja, zingine unazipata kwa hesabu. Kisha unaongeza kilele cha nne, cha tano, mpaka nchi nzima iwe wavu.

Shida ni kuona. Kilele kilicho kilomita 60 mbali kinamezwa na ukungu. Wapimaji wa wakati ule walitumia taa usiku, au nguzo zilizopakwa rangi, na wote walilalamika. Mwaka 1818, kabla ya agizo la mfalme, Gauss alikuwa Lüneburg, juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, akiielekeza darubini yake kwenye mnara wa kanisa la jina hilohilo mjini Hamburg, umbali wa kilomita zaidi ya 40. Dirisha moja dogo la mnara wa Hamburg lilikuwa likipigwa na jua na kumrudishia mmeto mkali, ukamharibia kipimo. Mtu mwingine angengoja jua lihame. Yeye alibaki na wazo kwamba ikiwa kioo cha dirisha, kilichowekwa pale bila kusudi, kinaweza kuonekana umbali wote huo, basi kioo kilichoelekezwa kwa makusudi kingefanya nini?

Kufikia 1821 alikuwa na chombo alichokiita heliotropi: kioo kidogo kilichofungwa kwenye darubini, kikapangwa kwa namna ambayo mwale wa jua huenda sawasawa pale darubini inapoelekea. Msaidizi alisimama kwenye kilele kimoja na kioo, Gauss kwenye kingine na teodolaiti, na katikati yao nuru ndogo kama nyota ya mchana. Kwa chombo hicho alipima pembetatu kubwa ya vilele vya Hohenhagen, Brocken na Inselsberg, ambayo upande wake mrefu unazidi kilomita 100. Mwaka 1822 alimwandikia rafiki yake Olbers kwamba vioo 100 vikubwa vikiunganishwa vingeweza kupeleka mwanga hadi mwezini. Namwona hapo akiwa amechoka, amechomwa na jua, na bado akili yake inakimbia.

Mzee alinyosha mkono dirishani. Siku ile Karisimbi ilikuwa wazi, mita 4,507, na Mikeno nyuma yake upande wa Congo, na Nyiragongo na moshi wake. "Hizi nazo ni pembetatu," alisema. Kutoka Karisimbi hadi Nyiragongo ni kilomita 20 na kidogo. Alisema vijana wake hawajawahi kungoja wingu liondoke kileleni. Yeye amengoja, siku nzima, na saa kumi jioni wingu likafunguka kwa dakika chache, ukawa na dakika hizo tu za kupima.

Halafu akanifundisha jambo ambalo anaona ndilo kiini cha kazi yote. Pima pembe tatu za pembetatu ndogo, uzijumlishe. Shule inasema utapata nyuzi 180. Porini hupati. Unapata, tuseme, 180 na sekunde sita za pembe juu. Mkono umetetemeka, hewa ya joto imecheza, jicho limechoka. Sekunde sita hizo utazipeleka wapi? Kijana mvivu anaziondoa zote kwenye pembe moja. Mzee alizigawa sawa, mbili mbili mbili, kisha akazidisha kila moja kwa yenyewe: nne na nne na nne, jumla 12. Ukigawa moja, moja na nne, unapata 18. Ukiitwisha pembe moja zote, 36. Mgawo wenye jumla ndogo kabisa ya miraba ndio wa kuchagua, ikiwa huna sababu ya kuishuku pembe moja kuliko nyingine. Kwa pembetatu moja mtoto anaweza. Kwa wavu wa pembetatu nyingi zinazochangia pande, ukigusa moja zote zinatikisika, na lazima uzipatanishe kwa pamoja. Gauss aliichapisha njia hiyo mwaka 1809. Legendre, Mfaransa, alikuwa ameitoa mwaka 1805, na Gauss akadai alikuwa akiitumia tangu 1795. Ugomvi wao haukuisha vizuri.

"Leo ni kitufe," mzee alisema. "Mashine ya GPS inafanya hesabu hiyo ndani yake, kijana haioni. Mimi namlazimisha aifanye kwa mkono mara moja. Asipoifanya, hatajua kwamba namba anayoiandika ni mapatano, na kwamba ina kosa ndani yake."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini anampenda Gauss. Wapimaji wote hukosea, na wengi hulificha kosa. Huyu aliliweka mezani akalipa kanuni.

Kuna kosa lingine ambalo halitokani na mkono. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, na mwaka 1827 Gauss alithibitisha kwamba uso uliopinda namna hiyo hauwezi kulazwa bapa bila kuharibu urefu mahali fulani. Kwa kazi ya Hannover alikuwa amebuni namna ya kuilaza dunia kufuata mstari mmoja wa longitudo ili uharibifu uwe mdogo karibu na mstari huo. Hakuiandikia kitabu. Louis Krüger ndiye aliyeikamilisha na kuichapisha Potsdam mwaka 1912, na ndiyo inayotumika Rwanda leo. Juu ya mstari wa nyuzi 30 kila urefu hupunguzwa sehemu moja katika 10,000. Kwa Mudende kupunguka huko ni kama sentimita nne katika kilomita. Lakini Mudende iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuirudisha chini hadi usawa huo kunakula zaidi ya sentimita 30 kwa kila kilomita. Mzee anasema amesuluhisha magomvi ya majirani yaliyozaliwa hapo tu: mmoja kapima kwa futikamba, mwingine kasoma hati, na wote wawili wakawa wakweli.

Mstari huo wa 30 una historia yake. Mwanaanga David Gill alipendekeza mwaka 1879 mnyororo wa pembetatu upimwe kando yake kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Kipande cha Uganda kilipimwa mwaka 1908 na 1909, na mnyororo ukakamilika 1954. Katikati ya hayo, mwaka 1910, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikaa Brussels wakaamua vilele vya baadhi ya volkano hizi viwe mpaka: Gisenyi huku, Goma kule, kisiwa cha Idjwi kwa Wabelgiji. Nilimuuliza mzee kama hesabu ina lawama. Alinyamaza, kisha akasema pembe zilipimwa na watu wenye bidii, lakini aliyelima pande zote mbili hakuulizwa.

Swali la nani aulizwe mpaka ulipo ni zito zaidi Mudende. Chuo kikuu cha Waadventista kilichofunguliwa hapa mwaka 1984 hakikurudi tena baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka 1997 wakimbizi Watutsi kutoka Congo waliuawa kambini hapahapa mara mbili, Agosti na Desemba. Mahali penye historia hiyo, aliyekuwa shahidi wa mpaka mara nyingi hayupo tena. Ndiyo maana uandikishaji wa ardhi uliofanyika nchi nzima kufikia 2013, vipande zaidi ya milioni 10, ulikuwa jambo kubwa kwa watu. Ulifanywa kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Majirani walisimama pamoja, wakaonyesha, na mstari ukachorwa kwa kalamu juu ya picha.

Mzee ana heshima kwa kazi hiyo, na ana wasiwasi nayo. Namba iliyo kwenye mchoro ina desimali mbili, yaani sentimita, anasema. Kalamu ilikuwa nene kuliko sentimita. Ukiukuza unene wa wino hadi shambani, unapata mstari mpana wa kutosha mtu kupanda tuta la viazi ndani yake. Gauss asingekubali namba hiyo iandikwe bila kuonyesha ina kosa kiasi gani. Hati haina nafasi ya kuandikia hilo, na hakimu hana pa kulisoma.

Mwezi Machi 1824 Gauss alimwandikia mwanaanga mwenzake Bessel kwamba vipimo vyote vya dunia havina uzito wa nadharia moja inayoendeleza elimu ya kweli za milele. Nilimsomea mzee maneno hayo nikidhani yatamuudhi. Alisema anayaelewa, kwani mtu aliyechoka porini huandika hivyo. Mimi naamini barua ile ilikosea. Kitabu cha 1827 kuhusu nyuso zilizopinda kilizaliwa na mtu aliyekuwa ametoka kuzipima pembetatu za Hannover, na sidhani angekiandika vile angekaa Göttingen tu.

Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Kwa siku kadhaa ardhi ilitetemeka, nyumba zikaanguka Rubavu, na nyufa zikapita mitaa ya Gisenyi na Goma. Hata bila mlipuko, bonde hili la ufa linapanuka milimita chache kila mwaka. Jiwe la mpaka likisogea pamoja na udongo wake, namba iliyohesabiwa kutoka bahari ya kusini haisogei. Lipi lifuatwe? Mzee anasema majirani wakikubaliana, anafuata jiwe. Wasipokubaliana, anafuata namba. Na hana raha na lolote kati ya hayo mawili.

Nilimuuliza Gauss angefanya nini. Alisema angepanda vilele vyote apime upya, kisha angeyagawa makosa kwa haki. Halafu akataka nimwambie nani angemlipa, maana kwa sasa anayelipa ni mwenye shamba.