Betri ya droni inapokataa kujaa mjini Muscat

Wamiliki wengi wa droni, yaani ndege ndogo zisizo na rubani, hudhani kuwa betri imekufa pindi isipopokea umeme. Hata hivyo, mara nyingi betri huwa nzima, na kosa ni la mtumiaji mwenyewe.

Mjini Muscat, chanzo kikuu ni joto. Betri za lithiamu hazifai kuchajiwa joto lake likizidi takriban nyuzi 40 za Selsiasi, na nyingi zina kifaa cha ndani kinachozuia umeme hadi zipoe. Mwezi Juni 2018, huko Quriyat katika mkoa wa Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 mfululizo, usiku na mchana.

Hivyo basi, betri iliyotoka angani au iliyoachwa garini ipumzishwe kwanza katika chumba chenye kiyoyozi. Isitiwe kwenye jokofu, kwani unyevu huweza kuiharibu.

Kosa jingine ni kuacha vumbi na mchanga mahali betri inapogusana na chaja. Papanguswe kwa kitambaa kikavu. Wengine hutumia chaja ya simu yenye nguvu ndogo, au huhifadhi betri tupu kwa miezi kadhaa, ilhali inapaswa kuwekwa ikiwa na umeme wa kiasi cha nusu.

Lakini betri iliyovimba isichajiwe tena kamwe. Inaweza kushika moto, na moto wake ni mgumu kuuzima.