Je, Wajua? Mkono Unaotetemeka, Upupu na Seli Shina

Je, wajua kwamba mzee wa Bariadi ambaye mkono wake hutetemeka akiwa ameketi tu, kisha hutulia anaponyanyua kikombe, huenda hajarogwa na mtu yeyote? Mtetemo huo, pamoja na mwendo wa kuburuta miguu, uso usioonyesha hisia na mwandiko unaozidi kuwa mdogo, ni dalili za ugonjwa wa Parkinson. Usukumani, ambako vikongwe wamewahi kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho mekundu tu, hili lisemwe kwa sauti.

Je, wajua kwamba utafiti wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, uliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson kati ya watu 161,071? Zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Ugonjwa huu huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoongoza mwendo. Mtetemo ukionekana, karibu nusu ya seli hizo, au zaidi, zimeshakufa.

Je, wajua kwamba upupu, huohuo unaowawasha wachungaji porini, una dawa ndani yake? Kinachowasha ni vinyweleo vya ganda. Mbegu zina levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na waganga wa India wamezitumia tangu zamani. Lakini tafadhali usizitafune! Kiasi cha dawa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na kikizidi huleta kutapika, presha kushuka, hata kuona vitu visivyokuwepo. Vidonge vya levodopa vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muulize daktari kuhusu vidonge hivyo.

Je, wajua kwamba mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alizirudisha seli za ngozi ya panya kwenye uchanga, zikawa seli shina zinazoweza kukua kuwa seli za aina yoyote? Alipata Nobel 2012. Aprili 2025 madaktari wa Kyoto walitoa matokeo ya wagonjwa 7 wa Parkinson waliopandikizwa ubongoni seli zilizotokana na ugunduzi huo. Kati ya 6 waliopimwa mwendo, 4 walipata nafuu hata dawa ilipokuwa imeisha mwilini. Nafurahi, ila hao ni watu 7 tu.

Kwa hiyo anayekuuzia mnadani unga wa "seli shina" wa kutibu mtetemo anakudanganya. Seli ukiimeza, tumbo huisaga kama nyama.

Na je, wajua kwamba seli shina za kweli zimeshafika Dodoma? Hospitali ya Benjamin Mkapa hupandikiza uboho, wenye seli shina za damu, kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu uliojaa Kanda ya Ziwa. Mtoto wa Maswa au Itilima anaweza kupona kwa seli za dada yake, zikilingana na zake.