Sitaha ya Plastiki Yenye Sura ya Mtiki: Je, ni Ghushi?

Baada ya sala ya Isha, fundi seremala mmoja katika jamaa wa msikiti wetu alinishika mkono nje ya mlango akanieleza jambo lililomkosesha raha. Mwenye chombo cha matanga, cha starehe, amemtaka ang'oe sakafu yote ya mtiki iliyo juu ya sitaha, pamoja na mbao za urembo za pembezoni, aweke plastiki iliyochorwa mishipa ya mti na mistari myeusi ya kalafati. "Katibu," akaniuliza, "kuifanya plastiki ionekane mbao, hiyo si ghushi?"

Mtiki ndio msaji wa wazee wetu, na jina hilo limetokana na Kiarabu, saj. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) alipoupanua Msikiti wa Mtume (s.a.w.) aliuezeka kwa saj, baada ya kuwa umeezekwa kwa makuti ya mtende. Mabaharia nao waliupenda kwa sababu zilizo wazi: una mafuta yake wenyewe yanayouzuia kuoza, haupindi ovyo, na mguu hautelezi juu yake hata ukirowa.

Lakini msaji unaosifiwa zaidi katika vyombo vya kifahari ni ule wa misitu ya asili ya Myanmar. Jeshi la nchi hiyo ndilo lililowakimbiza ndugu zetu Warohingya zaidi ya 700,000 kwenda Bangladesh kuanzia Agosti 2017, na ndilo lililonyakua madaraka Februari 2021. Biashara ya mbao huko imo mikononi mwa shirika la serikali, Myanma Timber Enterprise, ambalo Marekani na Umoja wa Ulaya ziliwekea vikwazo mwaka huohuo. Mahakama ya Uingereza iliitoza kampuni ya boti za kifahari ya Sunseeker faini ya pauni 240,000 kwa kuingiza mbao, ukiwamo msaji wa Myanmar, bila ya kuchunguza asili yake kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo anayenunua ubao mpya wa msaji bila ya kuuliza ulikotoka hawezi kujitetea kuwa yeye ni mnunuzi tu.

Atasema msomaji: mbona mtiki tunao Longuza na Mtibwa? Ni kweli, na kwa maoni yangu huo ndio bora kwa mwenye uwezo, ingawa mti wa shamba huvunwa ukiwa mchanga kuliko wa msitu wa kale. Mwenye chombo huyu, hata hivyo, alikuwa na sababu nyingine. Mbao zake za zamani zilifungwa kwa skrubu mamia, na kila tundu likawa njia ya maji kupenya ndani ya sitaha. Plastiki hubandikwa kwa gundi, wala haihitaji kutiwa mafuta.

Ama kuhusu ghushi, Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji. Kosa halikuwa unyevu, mvua ilinyesha. Kosa lilikuwa kuuficha. Mwenye chombo anajua anachowekewa, basi hakuna aliyedanganywa. Shubha itakuja siku ya kukiuza.

Nilimtajia pia aibu mbili za plastiki hiyo. Ya kwanza ni joto: saa saba mchana, rangi ya kahawia iliyokoza huunguza nyayo za watoto, na afadhali kijivu chepesi. Ya pili ni kwamba haiozi. Lamu, mwaka 2018, mafundi walishusha majini Flipflopi, jahazi zima la plastiki iliyookotwa. Hii ya sitaha ni plastiki mpya, na vipande vyake vikitupwa ufukweni vitabaki hapo baada yetu sote.

Kazi imekwisha wiki iliyopita. Katika stakabadhi fundi ameandika kwa herufi kubwa: "Sitaha ya plastiki, si mtiki." Mbao kuukuu aliachiwa yeye. Nyingi ni nyembamba na zimetoboka, lakini zilizofaa amezichonga marufaa saba ya madrasa, na moja bado linanuka chumvi.