Saa za Kompyuta Hupatanishwaje?

Askari aliyepata kukesha lindoni ajua uzito wa dakika moja, mwenzake anapochelewa kumpokea zamu. Kompyuta nazo zina zamu zao, ila huhesabiwa kwa vipande vya sekunde. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa Marekani, uliokuwa umefanya kazi mfululizo kwa muda wa saa 100, ulikosea wakati kwa thuluthi moja ya sekunde. Ukalitafuta kombora la Iraki mahali pasipo pake. Kombora likaangukia kambi, na askari 28 wakafa.

Kosa lile lilikuwa la hesabu ndani ya mtambo mmoja. Kazi ni ngumu zaidi saa zinapokuwa nyingi na mbalimbali. Nyumbani twairekebisha saa ya ukutani kwa milio ya redio, lakini ujumbe wa kompyuta waweza kukwama njiani, au kupotea kabisa. Mwaka 1985 mtaalamu David Mills, aliyefundisha baadaye katika Chuo Kikuu cha Delaware na kufariki mwaka 2024, alitangaza utaratibu ambao intaneti yautumia hata leo.

Tuchukue mfano wa tarishi. Atoka kwangu saa nne kamili kwa saa yangu. Afika kwako, saa yako ikisema nne na dakika 20. Akaa dakika moja, kisha arejea kwangu saa nne na dakika 31. Safari yenyewe ni dakika 30, nusu yake 15. Basi alipofika kwako, yangu ilisema nne na robo: imechelewa dakika tano.

Lakini je, kama kwenda kulikuwa mlima na kurudi mteremko? Akiwa alikwenda kwa dakika 20 na kurudi kwa 10, saa zetu zilikuwa sawa tangu awali, nami nimeiharibu yangu kwa mkono wangu mwenyewe! Wala safari ile moja haiwezi kulifichua jambo hilo.

Ndiyo maana kompyuta hutuma matarishi wengi, ikamwamini zaidi aliyekwenda na kurudi upesi kuliko wote, maana huyo hakupata nafasi ya kucheleweshwa. Tena huuliza saa kadhaa, na inayopingana na wenzake huachwa. (Mwenye saa mbili zinazotofautiana hajui ipi ni mwongo.) Kosa likiwa dogo, saa haisukumwi ghafula, bali huongezwa au kupunguzwa mwendo polepole, kwani ikirudishwa nyuma, barua yaweza kuonekana imejibiwa kabla ya kuandikwa.