Nani aangalie magurudumu kabla ndege haijatua?

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kupanda lori la kwenda mpakani anamjua utingo. Akiona tairi limepungua upepo, hangoji aulizwe. Hugonga bodi mpaka dereva asimame. Je, angani nani anagonga bodi?

Kazi huanzia chini. Fundi hukagua matairi, breki na miguu ya ndege kabla haijaruka. Wakati wa kutua, mwenye dhamana ya mwisho ni rubani kiongozi. Yeye na msaidizi wake hupitia orodha ya ukaguzi, na katika ndege nyingi huhakikisha taa tatu za kijani zimewaka, ishara kwamba magurudumu yameshuka na kukaza.

Wakiwa na shaka, huomba macho ya walio chini. Septemba 21, 2005, ndege ya JetBlue iliyotoka Burbank kwenda New York, Marekani, ilionyesha hitilafu baada ya kuruka. Rubani aliipitisha chini chini karibu na mnara wa waongoza ndege wa Long Beach, akaambiwa magurudumu ya mbele yamegeuka upande. Alizunguka kwa saa kadhaa kupunguza mafuta, kisha akatua Los Angeles. Watu wote 146 walitoka salama.

Karachi, Pakistan, mambo yalikwenda kinyume. Mei 22, 2020, ndege ya shirika la PIA kutoka Lahore ilikuja kutua ikiwa juu mno na kwa kasi kubwa. Magurudumu yalikuwa yameshushwa, kisha yakapandishwa tena. Kengele za tahadhari zililia, marubani hawakuzijali. Injini zikakwaruza njia ya kutulia, cheche zikaruka, ndege ikapaa upya.

Ripoti ya awali ya uchunguzi ilisema mwongoza ndege wa mnarani aliona injini zikikwaruza, akamwarifu kwa simu mwenzake aliyekuwa akizungumza na ndege. Marubani hawakuambiwa. Injini zote mbili zilizimika na ndege ikaangukia makazi ya watu. Kati ya watu 99 waliokuwamo, walipona wawili tu.

Kosa la kwanza lilikuwa la marubani, lakini aliyeona bila ujumbe wake kufika hakuwasaidia. Nawe msafiri, ukiona moshi au kitu kinavuja kwenye bawa, mwite mhudumu umweleze. Usione haya. Afadhali uonekane mwoga kuliko kunyamaza.